Sura ya Saba: Siku Kumi na Moja kwenye Benchi

Benchi la Wakili Brian Joakim lilikuwa fupi na gumu, na ukuta nyuma yake ulikuwa na alama ya mafuta ya nywele, usawa wa kichwa cha mtu aliyeuegemea siku nyingi. Inspekta Ombeni Mfinanga alikaa hapo saa tatu kasoro robo asubuhi. Ilipofika saa nne alikuwa ameshamchukia wakili huyo kwa moyo wote, na hata kumtia machoni alikuwa bado.

"Wakili yuko Vwawa, afande. Mahakamani," alisema Mercy, karani wa ofisi, kwa mara ya tatu.

"Jana alikuwa wapi?"

"Vwawa."

"Na juzi?"

"Vwawa, afande."

"Basi wamjengee na nyumba huko huko, ajue moja."

Mercy alitaka kucheka, akaangalia mlango wa bosi wake, akaacha.

Simu ya Ombeni ikalia mfukoni. Akaitoa haraka kuliko ilivyompasa mtu wa miaka hamsini na moja. Ulikuwa ujumbe wa mtandao: Karibu Zambia. Ndivyo Tunduma ilivyo. Mpaka uko ng'ambo ya barabara, na mnara wa Nakonde ukizidi nguvu simu inahamia huko bila kukuuliza, na saa yake inarudi nyuma saa nzima. Saa nne ikawa saa tatu. Mtu unangoja, halafu unaongezewa saa nyingine ya kungoja, bure kabisa. Tangu ahamishwe kutoka Same miezi tisa iliyopita, Ombeni alikuwa amekaribishwa Zambia mara nyingi kuliko alivyosalimiwa na watoto wake, na jambo hilo lilimuuma, basi tu.

Akafungua jalada.

Mlalamikaji: Atuganile Kibona, mwalimu wa shule ya msingi huko Isongole, Ileje. Mjane. Aliandika skripti ya filamu akaiita Foleni. Kampuni moja ya Dar es Salaam, Dirisha Saba, ikaipenda na kumtumia rasimu ya mkataba. Yeye akaipeleka kwa Wakili Brian, amalizie jambo moja tu: kuwe na kipengele kinachosema jina lake liandikwe kwenye filamu kama mwandishi. Hiyo ilikuwa mwezi wa sita mwaka jana, likizo ya shule. Wakili akasema kesho. Kesho ikazaa kesho, mpaka akapigiwa simu kwamba kampuni imeghairi, asihangaike kurudi. Wiki mbili zilizopita Atuganile akaona tangazo kwenye simu ya mwalimu mwenzake. Foleni, imeandikwa na kuongozwa na Dennis wa Dirisha Saba. Uzinduzi Jumamosi.

Leo ilikuwa Alhamisi. Mkuu wa Upelelezi, bosi wake Ombeni, alikuwa ameshasema lake: "Kampuni ina mkataba kamili. Saini ni ya mama huyo, shahidi yupo, muhuri wa wakili upo. Kesi iko wapi? Saa tisa nataka hilo jalada mezani kwangu, tulifunge."

"Mercy," Ombeni aliita. "Mwalimu alikuwa anakaa wapi?"

"Hapo hapo ulipokaa."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja. Jumatatu tarehe tatu mpaka Ijumaa tarehe kumi na nne. Jumapili tu ndiyo hakuja." Mercy hakuhitaji kufikiria. "Alikuwa anakuja na chupa ya chai na viazi vitamu. Saa saba ananigawia. Masikini, alikuwa haongei na mtu. Mimi nilijua yule mama ana neno lake, ila nani wa kumuuliza?"

"Hiyo Ijumaa ya mwisho?"

"Asubuhi nilimwacha hapo. Wakili alinituma kupeleka nyaraka Vwawa, nikarudi jioni. Nikamkuta anajifunga kitenge, anaondoka. Nikamuuliza, umefanikiwa? Akasema, kaniambia Jumatatu."

Ombeni akainua kichwa. Mkataba ulionyesha umesainiwa Ijumaa hiyo hiyo, saa tano asubuhi. Mtu aliyekwisha kusaini mkataba anaambiwaje arudi Jumatatu?

"Uko tayari kuliandika hilo?"

Mercy akautazama tena ule mlango. "Afande, mimi nina mtoto shule. Usiniponze."

Hakumsukuma. Maneno ya "kaniambia Jumatatu" yalitoka kwa mlalamikaji mwenyewe hata hivyo, na wakili yeyote angeyapangusa kama makombo. Akaomba choo. Kilikuwa uani, kupitia ujia uliopita kando ya mlango wa pili wa ofisi ya wakili, na mlango mdogo wa nyuma ulioangalia mashine ya kusaga. Unga ulikuwa umetanda kizingiti chote. Akarudi na viatu vyeupe, akakaa tena akiendelea kununa.

*

Wakili aliingia saa nne na dakika ishirini, kwa saa ya Tanzania. Suruali ya kubana, manukato, na viatu ambavyo havikuwa na hata chembe ya vumbi la safari.

"Afande wangu! Nisamehe sana. Hizi mahakama zitatuua."

"Poleni na kazi," Ombeni alisema akiviangalia viatu.

Ofisi ilikuwa na meza moja, kabati moja, na viti viwili vya wageni vilivyobanana mpaka mikono ya viti ilisuguana. Wakili alitoa nakala ya mkataba bila kuombwa mara mbili. Mtu aliyejiandaa.

"Ulisainiwa wapi?"

"Hapa, juu ya meza hii."

"Nani walikuwepo?"

"Mimi, Mwalimu Atuganile, na shahidi wake, Mzee Asajile Swila. Baba wa marehemu mumewe. Alitoka Ileje siku hiyo hiyo, na basi la asubuhi."

"Kwa nini yeye?"

Wakili akatabasamu. Swali hilo alikuwa amelingoja. "Mjane akisaini peke yake, kesho ndugu watasema kalaghaiwa. Mimi nipo hapa mwaka wa pili sasa, nimeshaona. Nikasema, aje mkubwa wa familia. Baba mkwe si ndiye baba yake sasa? Nani atampinga shahidi kama huyo?"

"Nieleze walivyokaa."

"Mwalimu kiti hicho ulichokalia. Mzee hiki cha pili. Magoti yanagusana, ofisi si unaiona? Nikawasomea kipengele kwa kipengele. Mwalimu akasaini, halafu akamshikia mzee kidau cha wino kwa mkono wake mwenyewe, mzee akaweka dole gumba. Wakacheka hata. Familia inayopendana, afande, raha kuiangalia. Deni mwenyewe nilipomsimulia alifurahi sana."

"Deni?"

"Bwana Dennis." Wakili alikohoa. "Wa kampuni."

"Mmezoeana."

"Kikazi tu."

"Na kile kipengele cha jina lake?"

"Alibadili mawazo. Akasema jina si kitu." Wakili akainua mabega. "Wasanii hao, afande. Leo hivi, kesho vile."

Ombeni akamsogezea karatasi. "Niandikie yote uliyonieleza. Walivyokaa, kidau, kicheko, vyote. Usiache kitu."

Wakili aliandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri, akasaini chini ya wa pili. Ombeni akazisoma mara mbili, akazikunja. Saini ya mwalimu alikuwa ameilinganisha mwenyewe na daftari la mahudhurio la shule, na ilikuwa yake kweli. Shahidi alikuwa mtu halisi, mwenye kijiji na dole gumba. Kila kitu kilikaa mahali pake. Ombeni hakupenda mambo yanayokaa sawa kiasi hicho, lakini kutopenda si ushahidi.

*

Chumba cha upelelezi kituoni kilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja la nondo linaloangalia uani, penye pikipiki zilizokamatwa. Atuganile Kibona alikuwa ameshafika. Mwanamke mrefu wa miaka thelathini na sita, chupa ya chai miguuni. Alimwamkia Ombeni, kisha akanyamaza kama mtu aliyezoea kungojeshwa.

Ombeni alifunika mkataba kwa jalada, akaacha mstari mmoja tu wa ukurasa wa mwisho uonekane. Mlalamikaji haonyeshwi zaidi ya anachoulizwa. Huo ulikuwa utaratibu wake miaka yote.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliitia lini?"

"Siku ya kwanza, tarehe tatu. Alinipa karatasi ya mwisho peke yake. Akasema, Mwalimu, unatoka mbali, saini kabisa, nikimaliza marekebisho nabana na pini tu. Nikasaini." Akatazama mikono yake. "Mimi huyu, mwalimu wa darasa la saba, ninayewapigia watoto kelele kila siku wasome swali kabla ya kujibu."

"Lo! Mwalimu!"

"Nakwambia, afande. Usiku ule sikulala. Kesho yake nikarudi kuisubiri ile karatasi niione kwa macho yangu."

"Kuna aliyekuona ukisaini hiyo tarehe tatu?"

"Hakuna."

"Na tarehe kumi na nne, uliingia ofisini kwake?"

"Sikuingia. Nilikaa benchi tangu asubuhi, nje ya mlango wake. Namsikia ndani anaongea, nikajua yuko kwenye simu."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Siku zote zile nilikuwa peke yangu."

Ombeni aliangalia saa ya ukutani, maana ya simu haikuaminika. Saa saba na nusu.

"Nikuulize kitu nje ya karatasi. Wengine wangedai mengi. Wewe unadai jina tu. Kwa nini?"

"Mume wangu, Wiliam, alikuwa dereva wa lori. Alikuwa foleni hapa hapa mpakani, upande wa Mpemba, anasubiri kuvuka. Aliugua ndani ya gari. Malori yakawa yanasogea, la kwake halisogei. Wenzake wakadhani amelala, wakalizunguka. Siku mbili, afande. Siku mbili watu wanapita hapo wanapiga honi. Ndipo mtu mmoja akagonga kioo." Akafunga vizuri mfuniko wa chupa ambao ulikuwa umeshafungwa. "Hiyo ndiyo Foleni. Sasa Jumamosi watu watakaa waone imeandikwa na Dennis. Dennis alikuwa wapi? Nikikubali hilo, nitakuwa na mimi nimemzunguka nikaenda zangu."

Ombeni akarudi kwenye karatasi zake, ndiko alikokuwa na uhakika nako.

"Unamfahamu Asajile Swila?"

Atuganile akashusha macho.

"Mwalimu?"

"Namfahamu."

"Ni nani wako?"

"Ni... babu yake Enesi. Binti yangu."

"Jina la huyo babu unaweza kulitaja mwenyewe? Kwa ajili ya maelezo."

Alitikisa kichwa. Ombeni akaacha kuandika. Mwanamke aliyekuwa anajibu kama anafundisha ubaoni, ghafla alikuwa anakwepa. Kuna kitu hapa, alijiambia.

Mlango ukafunguliwa. Koplo Jenista, askari wa kike mwenyeji wa Hasamba, Mbozi, alikuwa ametumwa stendi kumpokea shahidi. "Afande, mzee wa Ileje huyu hapa."

Kilichotokea hapo kilichukua muda wa kupiga chafya. Atuganile aliona miguu ya mzee mlangoni, akaruka kwenye kiti. Chupa ikaanguka, mfuniko ukafyatuka. Alijifunika kitenge kichwani na, kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja na mzee yumo ndani yake, akajibanza nyuma ya kabati la majalada, uso ukutani. Mzee naye aligeuka papo hapo kama aliyepigwa kofi, akatoka mpaka uani, akasimama kati ya pikipiki akiwapa mgongo.

"Ahaa," Ombeni alisema.

Miaka ishirini na sita ya kazi ilimwambia maana yake. Watu wawili wasioweza kutazamana ni watu waliokula njama, au mmoja wao kamuuza mwenzake. Akatoka kumfuata mzee kabla hajapata muda wa kutunga.

Mzee Asajile Swila alikuwa mkulima mwembamba wa miaka sabini na kitu, koti la suti juu ya shati lililofungwa vifungo vyote.

"Shikamoo mzee. Mbona umemkimbia?"

"Marahaba mwanangu. Sijamkimbia."

"Mna ugomvi?"

"Hatuna."

"Amekukosea?"

"Yule?" Mzee alishangaa kweli. "Hajanikosea hata siku moja. Mtu mwema sana yule."

"Basi twende ndani ukae naye, tumalize."

"Hapana. Hilo hapana, mwanangu."

"Mzee, nitakuweka ndani kwa kuzuia uchunguzi!"

"Niweke," mzee akasema kwa upole.

Ombeni alirudi chumbani amevimba. Jenista alikuwa anapangusa chai sakafuni huku anauma midomo, na haikuchukua muda kuona kuwa anajizuia kucheka.

"Kuna kichekesho, Koplo?"

"Afande, naomba unisamehe. Yule ni mkwe wake."

"Najua ni mkwe wake! Imeandikwa."

"Umeisoma, ila hujaijua." Jenista akainuka. "Huku kwetu, na kwa Wandali wa Ileje ndiyo zaidi, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja, hamwangalii usoni, jina lake hata kulitamka hatamki. Akimwona njiani anaingia majanini mpaka apite. Ndiyo heshima yenyewe. Wengi wameacha siku hizi, wanakutana mpaka kanisani. Wengine bado. Hawa unawaona, hawajaacha."

Ombeni akarudi uani karibu anakimbia.

"Mzee. Toka lini hamjakaa chumba kimoja?"

"Toka alipokuja kwetu. Mwaka wa kumi na tatu huu."

"Hata kwenye msiba wa Wiliam?"

"Mimi nilikuwa uani na wanaume. Yeye ndani." Mzee alitazama pikipiki. "Nilimsikia akilia. Sikuweza kwenda."

"Na dole gumba lako? Uliliweka wapi?"

"Kwa yule wakili. Aliniita, akasema kuna karatasi ya shamba la kahawa la marehemu, libaki kwa mjukuu wangu. Akanisomea vizuri. Nikaweka dole."

"Ulipofika pale benchi alikuwepo mtu?"

Mzee aliisogeza kofia yake kichwani. "Alikuwepo," akasema.

*

Saa nane na robo Wakili Brian aliingia kituoni anatabasamu. Alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba amesahau kusaini ukurasa wa kwanza wa maelezo yake. Akausaini, tena kwa madaha. Mkuu wa Upelelezi alikuwa amesimama pembeni na mikono nyuma, ameitwa kushuhudia, naye hakuwa na furaha ya kuitwa. Atuganile alikaa kwenye kiti kimoja kati ya viwili vilivyobanwa pamoja mbele ya meza.

"Wakili, tusaidie kitu kimoja," Ombeni alisema. "Walikaa hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Kiti hiki kitupu ni cha mzee?"

"Ndiyo."

"Mzee Asajile!" Ombeni aliita. "Karibu ndani, ukae."

Nyayo zilisikika kwenye korido zikakoma hatua tatu kabla ya mlango. Atuganile alikuwa ameshasimama, kitenge usoni, amegeukia ukuta.

"Mzee, ingia tu," wakili akasema kwa uchangamfu. "Ni jambo la dakika moja!"

Hakuna aliyeingia.

"Mzee, hii ni amri ya polisi," alisema Ombeni.

"Nimesikia, mwanangu," sauti ikajibu kutoka koridoni. "Nifungeni. Siingii alipo."

Wakili alimtazama mwalimu aliyeelekea ukutani, akautazama mlango mtupu, akatazama kile kiti. Alikuwa mtu mwerevu, na ilimchukua muda mfupi tu. Tabasamu lilimwondoka polepole.

Ombeni alisoma kwa sauti. "'Walikaa magoti yanagusana. Mwalimu akamshikia mzee kidau cha wino kwa mkono wake mwenyewe. Wakacheka.' Kurasa mbili, zote umezisaini. Wakili, ungemchukua muuza karanga wa stendi awe shahidi wako, leo ningefunga jalada na ungeenda zako. Ulitaka shahidi asiyepingika. Katika Songwe nzima ukamchagua mtu mmoja ambaye asingeweza kukaa kwenye kile kiti."

"Hizo ni mila tu," wakili akasema. "Mahakama haihukumu kwa mila."

"Sawa. Mahakama itakuuliza mbona umeandika uongo. Na mzee ataieleza ni karatasi gani ulimsomea."

Mkuu wa Upelelezi akafungua mikono yake. Alimwambia askari wa zamu, "Mweke chini ya ulinzi. Kughushi." Kisha akalichukua jalada mezani, na kabla ya kutoka akaandika juu yake: LIENDELEE.

Ombeni alimpigia Dennis mbele ya wote. Alimweleza taratibu, kama anamsomea mtoto, kwamba mkataba alionao sasa ni kielelezo katika kesi ya jinai, na atakayeutumia Jumamosi atakuwa ameutumia akijua. Dennis akasema uzinduzi umeahirishwa, sababu za kiufundi.

"Sababu za kiufundi," Ombeni alirudia alipokata simu. "Mwalimu, haitaonyeshwa."

Atuganile alikaa. Alicheka kidogo na machozi yakamtoka wakati huo huo. "Kwa hiyo nitafute wakili mwingine. Nianze kungoja upya."

"Safari hii usisaini kwanza."

"Thubutu!"

Koridoni mtu alikohoa. Mzee alikuwa bado yuko pale, amesimama upande wa pili wa ukuta, hatua tatu kutoka mlangoni.

"Binti," mzee akamwita Jenista, aliyesimama naye koridoni. "Mwambie yule kwamba siku ile nilimwona. Nilitoka stendi, nikaona kitenge chake, amekaa benchi. Nikajua nikipita mbele itabidi akimbie, na nilimwona amechoka. Nikazunguka kwenye mashine ya kusaga, nikaingia mlango wa nyuma. Nilitoka na hapo hapo. Nilitaka akae kwa raha yake."

Ombeni alikumbuka unga kwenye viatu vyake. Yule mzee angepita mbele, mwalimu angemwona, angejua wakili ndani alikuwa na mtu, si kwenye simu. Hakulisema hilo.

Jenista aliingia ndani, akasimama mbele ya Atuganile, akamweleza yote neno kwa neno, ingawa mlango ulikuwa wazi na kila mmoja alikuwa ameshasikia. Atuganile alisubiri mpaka akamaliza.

"Mwambie," akasema, "siku kumi na moja nilidhani hakuna mtu aliyeniona."

Jenista akatoka tena koridoni. Mzee alikuwa ameshavua kofia, ameinamisha kichwa, anangoja aletewe ujumbe.